Lumbesa ya Zege: Tunapima Mchele, Hatupimi Ghorofa

Ukienda Kariakoo kununua mchele, ipo siku utawakuta maofisa wa Wakala wa Vipimo wakiwa kazini. Huja na mawe ya mizani yaliyohakikiwa, huijaribu mizani ya muuzaji mbele ya wateja wake, na ikifaulu huibandika stika. Ikigundulika kuwa imechezewa, muuzaji huwa na kesi ya kujibu. Wakala huohuo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, yaani ule mtindo wa kushindilia gunia la viazi hadi linaota kichwa cha pili juu ya mdomo wake, ilhali mkulima analipwa bei ya gunia moja. Hiyo ni kazi njema, nami sina ugomvi nayo. Mnyonge hulindwa na kipimo. Pasipo na kipimo, mwenye nguvu ndiye huamua kilo ni kitu gani.

Sasa inua macho kutoka kwenye mizani hiyo. Juu ya kichwa cha muuzaji, cha ofisa na chako wewe mnunuzi, kuna ghorofa nne, sita, kumi. Zimejaa marobota ya vitenge, katoni za vigae, betri na madumu ya mafuta ya kupikia. Nguzo zinazobeba mzigo huo zilipimwa lini kwa mara ya mwisho? Zilipimwa na nani, kwa kifaa gani? Stika yake imebandikwa wapi?

Hoja yangu katika makala hii ni nyepesi kuieleza, ingawa najua itawakera baadhi ya wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma. Dola yetu ina kipimo cha kila inachotaka kukitoza, lakini haina kipimo endelevu cha kile kinachoweza kutuua. Maarifa ya kupima yapo. Vifaa vipo, na vingine ni vya bure. Tulichokosa ni sheria ya kumlazimisha mtu apime, na ujasiri wa kutangaza alichokipima.

Siku mbili za msiba

Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walifariki dunia, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Taarifa zilizotolewa baadaye zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Sina jina jingine la jengo la namna hiyo isipokuwa lumbesa. Ilikuwa lumbesa ya zege. Gunia la viazi likizidi, hukamatwa barabarani kabla halijafika sokoni. Ghorofa sita zilizidi mchana kweupe, moja juu ya nyingine, katika mtaa ambao watumishi wa umma hupita kila siku wakienda na kurudi kazini. Ghorofa haioti usiku mmoja kama uyoga. Kila moja ilihitaji nondo, mbao, saruji, mafundi na wiki kadhaa za kazi. Macho yaliyoiona yalikuwa mengi, ila hapakuwa na jicho lililolazimika kuhesabu.

Miaka 11 ikapita. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, majira ya saa 3 asubuhi, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo, penye Mitaa ya Mchikichi na Congo. Safari hii halikuwa jengo linalojengwa. Lilikuwa na maduka yaliyofunguliwa, wateja waliokuwa wakipatana bei, na mizigo iliyokuwa ikipakuliwa. Kwa siku kadhaa taifa zima lilisikiliza habari za watu walio hai chini ya kifusi, wakiwasiliana na walio juu, huku waokoaji wakiwapitishia maji, glukosi na oksijeni. Watu zaidi ya 80 waliokolewa. Watu wasiopungua 29 walipoteza maisha. Wafanyabiashara wa eneo hilo walizungumzia uchimbaji uliokuwa ukifanyika sehemu ya chini. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, nami sitaifanya hapa.

Serikali ilifanya ilichozoea kufanya. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Mwaka 2006, baada ya hoteli kuporomoka Chang'ombe, Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, naye aliunda tume ya kukagua majengo ya jiji. Kati ya 2006 na 2024 mtoto aliyezaliwa siku ya tume ya kwanza alikuwa amefikisha umri wa kupiga kura. Siwadharau wajumbe wa timu hizi. Baadhi yao ni walimu wangu na wengine ni wanafunzi wangu. Ninachopinga ni dhana kwamba ukaguzi wa mara moja, tena baada ya mazishi, ni upimaji.

Kupima ni kulinganisha

Mkaguzi anayeingia katika jengo leo ataona nyufa za leo. Atapiga picha, ataandika, atatoka. Hawezi kukuambia kama ufa ule ulikuwapo mwezi uliopita, kama umepanuka, wala kama nguzo ya kona imeshuka. Ili kujua kwamba kitu kinasogea unahitaji vipimo viwili vya nyakati mbili tofauti, na mtu anayewajibika kuvilinganisha. Wahandisi wa zamani walikuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo. Walibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe pembeni. Wakirudi wakakuta kioo kimepasuka, walijua kwamba ukuta unatembea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naongeza kwamba anayeuziba kwa plasta na rangi bila kuupima ameziba mdomo wa shahidi.

Kipande kile cha kioo kina ndugu zake wenye nguvu zaidi, nao ni mawimbi ya mwanga. Hapa naomba msomaji asiyesoma fizikia anivumilie kidogo, kwa maana jambo lenyewe amekwisha liona kwa macho yake.

Baada ya mvua, tazama dimbwi la Mtaa wa Msimbazi lililodondokewa na mafuta ya gari. Utaona rangi za upinde wa mvua zikitambaa juu ya maji. Mafuta yale hayana rangi hizo. Mwanga unaorudi kutoka uso wa juu wa utando wa mafuta hukutana na mwanga unaorudi kutoka uso wake wa chini. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele huongezana. Yakikutana kilele kwa bonde hufutana. Rangi utakayoiona inategemea unene wa utando, ambao ni mdogo mara mia au zaidi kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo dimbwi chafu la Kariakoo hufanya kila masika kipimo ambacho rula haiwezi kukikaribia.

Thomas Young wa Uingereza aliutumia mwingiliano huo, mwanzoni mwa karne ya 19, kuonesha kwamba mwanga una tabia ya mawimbi. Albert Michelson wa Marekani akatengeneza kifaa kinachougawa mwale mmoja wa mwanga kuwa miwili, kinaipeleka miale hiyo njia mbili tofauti, kisha kinaikutanisha tena. Njia moja ikirefuka hata kwa sehemu ya wimbi, mistari ya mwanga na giza husogea. Kifaa hicho huitwa intaferomita, na Michelson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907 kwa vifaa vyake vya mwanga na vipimo alivyovifanya navyo. Mwaka 1947 Dennis Gabor, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, akabuni holografia, yaani njia ya kurekodi wimbi zima la mwanga litokalo kwenye kitu badala ya ung'avu wake tu kama picha ya kawaida inavyofanya. Ilibidi leza ivumbuliwe mwaka 1960 ndipo wazo lake lizae matunda kamili, naye akapata Nobel mwaka 1971.

Kwa wengi wetu hologramu ni ile stika inayong'aa kwenye boksi la simu, na Kariakoo kila mtu anajua kwamba hata stika hiyo hughushiwa. Lakini hologramu ni chombo cha kupimia. Mwaka 1965 Robert Powell na Karl Stetson walionesha, huko Marekani, kwamba hologramu ya kitu kinachotikisika hubeba juu yake mistari inayoeleza kila sehemu inatikisika kwa kiasi gani. Kutoka hapo ikakua njia ya kurekodi kitu mara mbili: kwanza kikiwa kimetulia, kisha kikiwa kimebebeshwa mzigo mdogo. Picha mbili zikikutanishwa, mistari hutanda juu ya kitu kama mistari ya mwinuko kwenye ramani. Kwa leza nyekundu ya kawaida ya maabara, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, kuhama kutoka mstari mmoja hadi mwingine huweza kumaanisha mjongeo wa takriban sehemu tatu za elfu kumi za milimita, yaani milimita 0.0003. Palipo na ufa uliojificha ndani, mistari hupinda ghafla. Jicho halioni kitu pale, lakini mwanga umekwisha kutoa ushahidi.

Wanafunzi wangu huona jambo hili kwa intaferomita tuliyoiunda kwa vioo viwili, kipande cha kioo cha kugawa mwanga na leza ya kalamu iliyonunuliwa Kariakoo. Kila lori linapopita barabarani, mistari hucheza ukutani. Mwaka mmoja mwanafunzi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: "Kama kifaa cha gharama hii kinasikia lori, kwa nini jiji halikusikia jengo?"

Kutoka maabara hadi mtaani

Siwezi kuwadanganya wasomaji wangu kwamba tutasimika hologramu katikati ya Mtaa wa Congo. Holografia ya maabara inataka meza iliyotulia, na Kariakoo hakuna kitu kilichotulia. Mkokoteni mmoja tu ungevuruga kipimo. Nafasi ya njia hiyo ni kwenye kupima sampuli za zege, nondo na viungio. Lakini kanuni ileile ya kulinganisha mawimbi imetoka maabara zamani na kuvaa nguo za kazi.

Huko Uswisi, katika miaka ya 1990, watafiti wa Lausanne walitengeneza mfumo wa nyuzi za kioo zinazofukiwa ndani ya zege au kufungwa juu yake. Mwanga unaopita ndani ya uzi hueleza kama boriti imerefuka au imefupika, na mfumo huo umefungwa kwenye madaraja na mabwawa. Zipo rada za ardhini zinazosimama mbali na jengo na kupima mtikisiko wake bila kuligusa. Kisha zipo setilaiti. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, hutuma mawimbi ya rada yenye urefu wa takriban sentimita 5.5, huyapokea yanaporudi kutoka ardhini, na baada ya siku kadhaa hurudi kupita palepale. Mawimbi ya safari mbili yakilinganishwa, mjongeo wa ardhi hujitokeza. Zikilinganishwa picha nyingi za miaka kadhaa, kwa njia zilizobuniwa na watafiti wa Milano mwishoni mwa miaka ya 1990, mjongeo wa milimita chache kwa mwaka husomeka. Data zake ni za bure kwa kila mtu duniani, hata kwa mwanafunzi wa Temeke mwenye kompyuta na kifurushi cha intaneti.

Tena teknolojia hii si mgeni nchini mwetu. Julai 2007, matetemeko yalipoitikisa ardhi ya kaskazini karibu na Ziwa Natron na mlima Gelai, setilaiti ya Ulaya iliyoitwa Envisat iliiona ardhi ikiteleza na kufunguka kwa makumi ya sentimita, huku uji wa mawe ukijipenyeza chini kwa chini. Mwaka 2008 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature na kusomwa na wanasayansi wa dunia nzima. Tunao pia wataalamu wetu: Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu namna mabamba ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki yanavyosogea, kwa milimita chache kila mwaka. Kwa hiyo nchi hii imekwisha pimwa kwa milimita. Imepimwa pale ambapo wakazi wengi ni wafugaji na ng'ombe wao. Pale ambapo maelfu ya watu hubanana chini ya zege kila Jumamosi, tunasubiri tume.

Mzigo wenyewe hatuujui

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji hata setilaiti. Majengo mengi ya Kariakoo yalisimama mahali palipokuwa na nyumba za Kiswahili za vyumba sita, na kadiri biashara ilivyokua, vyumba vya kuishi viligeuzwa frem na stoo. Sasa fanya hesabu. Kwa kiwango cha Uingereza cha BS 6399, ambacho wahandisi wetu wamekitumia kwa miaka mingi, sakafu ya makazi hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ghala la kawaida hukadiriwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Panga marobota hadi mita 3 na umefika kilo 720 kwa mita ya mraba, karibu mara tano ya chumba cha kulala. Aliyegeuza chumba kuwa stoo hakugusa tofali hata moja, kwa hiyo hakuona sababu ya kuomba kibali. Lakini kwa lugha ya nguzo, amejenga jengo jingine juu ya lile la kwanza.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na kamatakamata. Mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa usajili wa stoo. Waziri Mkuu alikwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Sitaingia katika mzozo ule, ila naomba tuutafakari kwa jicho la kipimo. Dola ilitaka kujua kila stoo ina mzigo wa shilingi ngapi. Ni nani aliyeuliza mzigo huo una tani ngapi, na uko ghorofa ya ngapi?

Kelele za wapangaji

Leza inapomulika ukuta, ukuta huonekana umejaa chembechembe zinazometameta. Watafiti wa miaka ya 1960 waliziona chembe hizo kama kelele zinazoharibu picha, wakatafuta namna ya kuziondoa. Baadaye ikagundulika kwamba chembe hizo hubeba habari za uso zilikotoka. Uso ukisogea, nazo husogea kwa mpangilio. Kelele ikawa kipimo, na leo kuna tawi zima la upimaji lililosimama juu yake.

Kila jengo la Kariakoo lina kelele zake. Mpangaji anasema mlango wa frem haufungi tena sawasawa. Mama ntilie wa uchochoroni anasema vigae vimeanza kupasuka vyenyewe. Mlinzi wa usiku anasema husikia milio ndani ya ukuta. Mfanyabiashara aliyelipa kilemba cha mamilioni ananyamaza, maana akisema atahamishwa na kilemba hakirudi. Habari hizi zote zipo kabla ya msiba. Baada ya msiba huitwa ushuhuda, kabla yake huitwa majungu. Hakuna daftari la kuzipokea wala namba ya kuzitolea inayolazimisha mtu afike na kipande cha kioo.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni kwamba teknolojia hii ni ya nchi tajiri. Nimekwisha eleza kwamba data za setilaiti ni bure. Mwaka 2022 nchi za Ulaya zilifungua kwa umma ramani ya mjongeo wa ardhi ya sehemu kubwa ya bara lao, kiasi kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kutazama mtaa wake unashuka kwa milimita ngapi kwa mwaka. Ramani hiyo imetengenezwa kwa data za Sentinel-1, setilaiti ileile inayopita juu ya Dar es Salaam.

Kisingizio cha pili ni kwamba vipimo hivi vina mipaka. Hili ni kweli, na mwanasayansi asiyekiri mipaka ni mchuuzi. Picha za Sentinel-1 hazina uchambuzi wa kutosha kuitazama nguzo moja. Ghorofa zilizobanana kama za Kariakoo huichanganya rada. Uchimbaji wa siku chache unaweza kuangusha jengo kabla setilaiti haijarudi. Sisemi kwamba setilaiti ingewaokoa waliokufa tarehe 16 Novemba. Ninasema kwamba setilaiti huonesha mahali pa kupeleka macho, vifaa vya ardhini hupima jengo lenyewe, na kipande cha kioo hupima ufa. Ngazi hizi tatu husaidiana, nasi mitaani hatuna hata moja iliyo ya lazima.

Kisingizio cha tatu ndicho kizito, na wanaokitoa hawakisemi hadharani. Miaka michache iliyopita, mimi na wenzangu wawili tuliandika andiko dogo la kupima mienendo ya majengo machache katikati ya jiji, tukalipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tuliambiwa tulete barua. Barua ikadaiwa muhuri. Muhuri ukadaiwa kibali. Mwishowe mtumishi mmoja mwungwana, aliyetuonea huruma, akaniambia kwa sauti ya chini: "Daktari, mkipima mkakuta tatizo, nani atasaini?"

Nimelibeba swali hilo hadi leo, maana ndani yake mna falsafa nzima ya utawala wetu. Jengo ambalo halijapimwa halina mwenyewe. Likianguka ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, ni mkandarasi. Jengo lililopimwa likaonekana linasogea lina mwenyewe: yule aliyepokea karatasi na kuiweka kabatini. Katika nchi ambayo mwaka 2018 ilirekebisha Sheria ya Takwimu hadi ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, na ikalegeza kamba mwaka 2019 baada ya kelele za ndani na nje, si ajabu kwamba mtumishi wa kawaida amejifunza kuiogopa namba kuliko ufa.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Huko Surfside, karibu na Miami, jengo la makazi liliporomoka Juni 2021 na kuua watu 98. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa intaferometri ya setilaiti ulikuwa umechapishwa ukionesha kwamba mahali pale palikuwa pakishuka takriban milimita 2 kwa mwaka katika miaka ya 1990. Mtafiti mwenyewe alitahadharisha kwamba kushuka huko pekee hakuthibitishi sababu ya ajali. Huko Genoa, Italia, daraja la Morandi lilianguka Agosti 2018 na kuua watu 43. Baadaye watafiti walisema data za setilaiti zilionesha mjongeo kabla ya ajali, na wengine wakapinga usomaji huo. Nchi hizo zilikuwa na setilaiti, wahandisi na fedha. Kwa hiyo siuzi mashine hapa. Kipimo kisichokuwa na mtu aliyelazimika kukisikiliza ni karatasi tu, iwe imeandikwa Miami au Ilala.

Tunachodai

Basi tudai mambo yanayopimika.

Kwanza, ripoti za ukaguzi wa majengo ya Kariakoo na katikati ya jiji ziwekwe hadharani, jengo kwa jengo na mtaa kwa mtaa. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hakuna taarifa ambayo mwananchi anaihitaji kuliko ile inayohusu paa lililo juu ya kichwa chake.

Pili, pasiwe na mtu anayechimba chini ya jengo au kando yake bila upimaji wa mfululizo wa majengo jirani, unaofanywa na mtaalamu asiyelipwa na mwenye jengo, akiwa na mamlaka ya kusimamisha kazi na kuwatoa watu siku ileile.

Tatu, kazi hii wapewe vyuo vyetu kwa sheria na kwa bajeti. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ipo mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Chuo Kikuu Ardhi kina wapimaji wa ardhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi na wanafizikia. Kila mwaka tunawatuma wanafunzi mafunzo ya vitendo, na wengi huishia kutengeneza chai ofisini na kupiga fotokopi. Wapeni mitaa. Mwanafunzi mmoja na nguzo kumi, kila mwezi, kwa miaka mitatu, na tutakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna tume iliyowahi kuwa nayo. Ninyi wanafunzi mnaonisoma msisubiri waraka. Data za Sentinel-1 zipo, anzeni nazo kwenye tasnifu zenu.

Nne, na hili ndilo jibu langu kwa yule mtumishi mwungwana: sheria itaje cheo cha anayesaini. Itaje kwamba taarifa ya mjongeo ikipokelewa, fulani mwenye cheo fulani ana siku kadhaa za kuchukua hatua, na asipochukua atajibu yeye binafsi, kama anavyojibu muuza mchele mwenye mizani iliyochezewa. Na mtumishi anayetoa taarifa ya hatari alindwe, asihamishwe kwenda mahali pasipo na ghorofa.

Tunazungumza siku hizi kuhusu Kariakoo ya biashara ya saa 24, soko la Afrika Mashariki na Kati. Nalitaka soko hilo. Lakini saa 24 za biashara ni saa 24 za mzigo juu ya nguzo zilezile, na nguzo haziendi likizo.

Mara nyingine utakapokuwa Kariakoo, tafuta stika kwenye mizani ya muuza mchele. Utaiona, na juu yake kuna mwaka wa uhakiki. Kisha simama mlangoni mwa jengo, utafute stika inayosema nguzo zake zilihakikiwa lini na nani alisaini. Usipoiona, muulize diwani wako, mbunge wako na mkuu wako wa kazi. Waulize kwa jina na kwa maandishi, na uweke nakala.